Mkate wa Jumamosi na Kadi ya Mama Mkubwa

Kwa miaka mitatu niliamini kuna mtu mahali fulani Johannesburg ambaye kazi yake ni kuniandika mimi. Nilishampa na sura kabisa. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, kikombe cha chai kimefunikwa na kisahani ili kisipoe, na mbele yake daftari kubwa lenye jalada la kijani. Kila Jumamosi asubuhi, nilipopitisha kadi kwenye mashine ya supamaketi, yeye huko aliko aliinua kalamu. Aliandika: huyu dada wa Morogoro amenunua mkate na maziwa tena, na mwezi uliopita alilipa kabla ya siku yake. Nilikuwa hata navaa vizuri kwa ajili yake. Cheka tu, mimi mwenyewe nacheka.

Supamaketi ilikuwa Soweto, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwa mama mkubwa. Asubuhi za baridi jua liliingia kwa ubavu kupitia vioo vya mbele, na kila kitu kikawa na rangi ya chai isiyo na maziwa: vitoroli, sakafu, mikono ya watu. Nje moshi wa makaa ulikuwa bado umelala chini chini. Nilisimama kwenye foleni na mkate wangu kama mtu aliyeamka nusu, nikiona mbele yangu dirisha, na pazia, na mlango wenye ufunguo ambao ni wangu peke yangu. Msichana wa kaunta alikuwa ananiita mara mbili ndipo nasikia.

Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja: nyumba ya kupanga kwa jina langu. Si kununua, kupanga tu. Nilitoka kwa mume wangu Morogoro mwaka 2015, na siku tuliyogombana mara ya mwisho aliniambia nitafute ndani ya nyumba ile kitu chochote chenye jina langu, nikikipata nichukue niondoke nacho. Nilitafuta kweli. Hasira zilikuwa zimenipanda kiasi kwamba nilifungua hata makabati ya jikoni. Nilipata kadi ya kliniki na risiti ya cherehani, basi. Ndiyo maana nilikuja Afrika Kusini na cherehani.

Nilifikia kwa mama mkubwa, dada yake mama. Yeye aliolewa na Msauzi mmoja aliyeishi uhamishoni kwetu Morogoro wakati wa ubaguzi, na mambo yalipotulia huku wakarudi wote wawili, miaka ya tisini. Mume alikuwa ameshafariki nilipokuja. Watoto wao walikulia Soweto. Kiswahili walikielewa vizuri sana, ila ukiwaambia neno wanakujibu kwa Kizulu au Kiingereza, na wakati huo mmoja alikuwa Cape Town na mwingine Durban. Mama mkubwa alikuwa muuguzi mstaafu, mtu wa maneno machache, mwenye nyumba ya vyumba vinne na kabati lililojaa vikombe vya wageni ambavyo hakuna mgeni aliyevinywea.

Nilipofika mlangoni nikasema shikamoo, alinishika mikono yote miwili akanyamaza muda mrefu kabla ya kuitikia. Nilidhani anaangalia nimekonda kiasi gani.

Kazi nilipata mapema, katikati ya mji, kwenye ghorofa kuukuu ambalo chini lina maduka ya jumla na juu lina makanisa. Sisi mafundi tulikuwa ghorofa ya tatu, wengi wetu Wakongo, na kazi kubwa ilikuwa sare za kwaya. Wenyewe walikuwa wanaimba juu ya vichwa vyetu mchana kutwa, kwa hiyo sauti zilishuka kupitia dari pamoja na vumbi, na ukishona kwa muda mrefu unaona mguu wako unakanyaga cherehani kwa mapigo ya wimbo usioujua maneno. Siku nyingine nilisahau kabisa niko nchi gani. Kitenge cha wanafunzi na wahadhiri wa Afrika Mashariki walioko Braamfontein, mtaa wa chuo kikuu, nilikuwa nashona kando, na kuwapelekea mwenyewe kwa basi.

Fundi mwenzangu mmoja ndiye aliyenitoa usingizini. Alikuwa amekataliwa nyumba. Si kwa sababu ya fedha, fedha alikuwa nazo. Ofisi ya kupangisha iliangalia rekodi yake ya mikopo ikakuta hana. Huku, akaniambia, mtu ambaye hajawahi kukopa ni mtu asiyejulikana. Nilirudi nyumbani nimenuna. Yaani nimekimbia nyumba isiyo na jina langu, nije kuangukia mji mzima usio na jina langu.

Nikalitupa jambo hilo kwenye kundi la familia, lile la simu. Binti wa mjomba aliyeko Marekani akajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Alisema dawa yake ni ndogo. Mtu mwenye rekodi nzuri anakuingiza kwenye kadi yake ya mkopo kama mtumiaji wa pili, na usafi wa kadi ile unaandikwa hadi kwako. Yeye mwenyewe aliingizwa na mama mmoja wa kanisani kwake, hata kadi hakuwahi kuigusa, na alipokwenda kutafuta nyumba alama zake zilikuwa zimeshapanda. Ila mwenye kadi akichelewa kulipa, doa nalo linakuja kwako. "Fanyeni hivyo hivyo huko Sauzi," akamalizia. "Kadi ni kadi."

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama sheria za Marekani na za Sauzi ni zile zile. Ndugu akiwa mbali, na hasa akiwa mbali kwenye baridi, tunaona kila anachosema kimepimwa hospitali. Watu ishirini na nne waliweka vidole gumba. Mama yangu kule Morogoro, ambaye hajawahi kushika kadi ya benki maishani mwake, aliandika: sikiliza dada yako.

Mama mkubwa aliusikiliza ule ujumbe mara mbili, akaweka simu mezani. "Wewe ni mwanangu," akasema. "Jumatatu twende."

Benki nilikaa kwenye viti vya karibu na mlango. Yeye alizungumza na binti wa kaunta kwa Kizulu, na mimi Kizulu changu wakati huo kilikuwa cha kununulia nyanya. Nilimwona yule binti ananitazama kwa mbali, anatikisa kichwa kidogo, anaeleza kitu kwa vidole. Mama mkubwa alisikiliza. Akageuka akanitazama na yeye, kisha akamwambia yule binti neno moja fupi, nikaitwa kwenda kutoa pasipoti na kusaini. Nilidhani ni mambo ya pasipoti.

Kadi ilikuja na jina langu juu yake. Herufi zilikuwa zimeinuka, unaweza kuzisoma kwa kidole ukiwa umefumba macho, na mimi nilizisoma hivyo mchana wote nimekaa kitandani. Mama mkubwa kadi yake aliitia ndani ya kopo la vifungo, na tangu siku ile hakuitoa. Ya kwangu niliiwekea masharti makali kuliko ya benki. Mkate na maziwa, siku moja moja uzi. Kulipa kabla ya tarehe, kila mwezi, bila kukosa.

Mwaka mmoja, katikati ya baridi, nilipata mafua yale ya kukulaza, na siku ya kulipa ikanikuta na homa. Nilivaa makoti mawili juu ya gauni la kulalia. Mama mkubwa alisimama mlangoni.

"Kesho si mbali, mwanangu. Lala."

"Doa litaniingia na mimi, mama."

Aliitazama ile kadi mkononi mwangu. Kisha akaingia ndani, akatoka na koti lake, akanishika mkono tukaenda wote hadi kwenye mashine ya benki. Njia nzima barabara ilikuwa inapanda na kushuka machoni mwangu, roboti, yaani taa za kuongoza magari, pale njia panda zina mataa sita badala ya matatu, na kwa homa ile nilimwona yule mama wa daftari la kijani waziwazi. Alivua miwani akanipigia makofi. Nilifurahi, jamani, nilifurahi hadi machozi. Mama mkubwa akaniuliza nacheka nini.

Na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu. Nikirudi na mkate nilikuta ameshatoa vikombe vya wageni kwenye kabati. Tulikaa jikoni hadi jua lihame kutoka kwenye meza kwenda kwenye jiko. Aliniuliza habari za watu wa Morogoro ambao wengine nilikuwa siwajui, wengine wameshakufa, na kama wale kina mama bado wanashuka na mboga vichwani kutoka Uluguru alfajiri. Kiswahili chake kilikuwa cha miaka aliyoondoka. Maneno mapya ya mtaani nilimfundisha mimi, naye akawa anayajaribu kimyakimya akiosha vyombo, anacheka peke yake. Zile asubuhi zilikuwa tamu, sitasema uongo. Lakini mimi macho yangu yalikuwa mlangoni, na yeye alikuwa ananiona.

Dirisha langu nililiona mwaka 2018. Nilipeleka gauni Braamfontein kwa mhadhiri mmoja Mkenya, ghorofa ya nne, na mlango unaotazamana na wake ulikuwa wazi kwa sababu mafundi wanapaka rangi. Nikaingia tu. Chumba kimoja na jiko, na dirisha refu linaloangalia njia za reli, nyingi, zinang'aa, zinakwenda pamoja kisha zinaachana. Mafundi waliniacha nisimame. Nikaona cherehani itakaa wapi. Nikaona hata kivuli changu kitaangukia upande gani saa tisa alasiri, na mwanga ulivyo mzuri pale sitahitaji kuvaa miwani ya kushonea.

Kwenye ofisi ya kupangisha nilipokelewa na kijana mpole, aliyeniita "sisi", yaani dada, kwa heshima. Nilimpa pasipoti, kibali, hati za malipo ya kazi. Akaingiza jina langu kwenye kompyuta. Wala sikuwa na wasiwasi. Nilikaa nikiwa natabasamu kwa ndani, nikijua sasa hivi huko aliko mama wa miwani anafungua daftari.

"Eish," akasema yule kijana. Akanigeuzia kioo. Jina langu lilikuwa pale, na chini yake hakuna kitu.

"Si kwamba rekodi yako ni mbaya," akasema. "Huna. Ni kama umetua jana."

Nikatoa kadi, nikaiweka mezani kwa nguvu kidogo. Miaka mitatu, nikamwambia, sijachelewa hata siku moja, nimelipa na homa. Aliichukua akaitazama mbele na nyuma, akanieleza taratibu. Hii ni kadi ya ziada. Akaunti ni ya mtu aliyeifungua, na benki inapopeleka taarifa kwenye ofisi za rekodi inapeleka jina la mwenye akaunti tu. Wewe umekuwa mkono wake, akasema, na mkono hauandikwi. Nikamwambia Marekani unaandikwa. Akasema, "Inawezekana. Lakini hapa si Marekani, sisi."

"Na miaka yangu mitatu ameandikiwa nani?"

"Mwenye akaunti. Lazima rekodi yake inang'aa." Kisha macho yakamchangamka, kwa wema kabisa. "Yeye akikubali kukudhamini, mwambie aje asaini kabla ya Ijumaa. Nyumba utaipata."

Nilirudi Soweto sioni ninakopita. Mama mkubwa alikuwa jikoni anachambua mchele. Sikumwamkia. Niliweka kadi juu ya meza, karibu na ungo. Aliitazama, mikono ikasimama.

"Wamekuambia," akasema.

Hakuuliza wamekuambia nini. Nilishika mgongo wa kiti. "Ulikuwa unajua?"

"Yule binti wa benki aliniambia siku ile ile. Alisema wewe haitakusaidia chochote, bora ufungue akaunti yako ya kukopa kwenye duka la nguo uanzie hapo."

"Sasa kwa nini, mama?"

Alitoa punje moja ya mpunga akaiweka pembeni, akatoa nyingine. "Ungefungua," akasema. "Mwaka mmoja tu ungekuwa umeshaondoka. Mwanangu, watoto wangu wakija wananisalimia kwa Kizulu. Mume wangu tangu afe, hakuna mtu aliyeniamkia ndani ya nyumba hii. Siku uliposimama pale mlangoni ukasema shikamoo, nilikuwa nimesahau neno la kukuitikia. Nikasema nikae nawe mwaka mmoja tu. Halafu mwaka ukapita."

Mtu mwema angemkumbatia. Mimi nilipandwa na hasira hadi masikio yakaziba. Nilimwambia yeye na mume wangu ni wale wale, wote wananiweka ndani ya nyumba isiyo na jina langu, tofauti ni kwamba mume wangu alinieleza ukweli. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Alisikiliza yote. Mwishoni akasema kesho atakwenda kusaini, anajua basi la kupanda. Nikamwambia heri nikalale kituo cha teksi kuliko kukaa tena chini ya jina la mtu.

Ijumaa ikaja ikapita. Nilijikomoa mwenyewe, najua, sihitaji kuambiwa. Wiki iliyofuata nilipita Braamfontein nikainua macho, nikaona baiskeli ya mtu imeegeshwa kwenye dirisha langu.

Siku zote hizo sikumwamkia mama mkubwa. Kwetu hiyo si kununa, ni kumfuta mtu. Nilipita jikoni asubuhi mdomo nimeufunga, yeye akiwa amekaa na kikombe, na kila asubuhi niliona kichwa chake kinainuka kidogo nilipoingia, kisha kinarudi chini. Nilikuwa naumia, na nilikuwa nataka na yeye aumie. Vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Jumamosi sikwenda supamaketi. Nililala nikitazama dari, na kwa mara ya kwanza nilijaribu kumwona yule mama wa daftari nikashindwa. Ofisi yake ilikuwa tupu, kisahani kipo, kikombe hakipo. Mlango wa nje ukafunguliwa. Mama mkubwa alikuwa ametoka mwenyewe, na miguu ile yake, na alirudi na mkate chini ya kwapa na karatasi mkononi. Ilikuwa fomu ya duka moja la nguo. Alikuwa ameshauliza kila kitu: wanapokea pasipoti, wanapokea kibali, wanaanza na kiasi kidogo, wanapeleka jina la mteja kwenye rekodi kila mwezi. Aliniwekea kitandani pamoja na kalamu.

"Jina ni lako peke yako," akasema. "Nimewauliza mara mbili." Akatoka, akaufunga mlango polepole.

Nilikwenda siku ile ile, bado nimenuna. Walinikubalia, na msichana wa dukani akasema lazima ninunue kitu ndipo akaunti ianze kuhesabika. Nilizunguka katikati ya nguo kwa muda mrefu, taa nyeupe, muziki wa chini chini, mashati yanapita pembeni yangu utafikiri ni yenyewe yanayotembea. Nilichonunua nikakiweka kwenye boksi lake, nikakificha chini ya kitanda. Nilipoingia jikoni nikasema shikamoo. Aliitikia huku amenipa mgongo, na bomba la maji alilifungua kwa muda mrefu bila kuosha kitu.

Nililipa kila mwezi. Katikati ya mwaka 2019 niliomba rekodi yangu, ambayo huku mtu anapewa bure mara moja kwa mwaka. Ilikuja karatasi, haikuandikwa kwa mkono na mama yeyote. Jina langu, na chini yake mstari mmoja. Niliusoma kwa kidole, ingawa herufi zilikuwa bapa.

Nyumba niliyopata ni Braamfontein pia, lakini upande wa nyuma, dirisha linatazama ukuta wa ghorofa jingine. Jua linafika kwa muda wa saa moja tu kwa siku, nalo ni lile linalorudishwa na vioo vya jirani. Mkataba nilisaini mwenyewe. Yule kijana mpole akanipa ufunguo akasema, "Sharp, sisi," yaani mambo safi, na mimi nikakaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto.

Jumamosi ya kwanza mama mkubwa alikuja. Alipanda teksi hadi mjini, kisha basi, na mkate wake mkononi. Alibisha hodi. Nilifungua, nikasema shikamoo.

Alinyamaza. Alinyamaza vile vile kama siku niliyofika Soweto, amesimama nje na mkate, na mimi nikiwa ndani nimeshika kitasa, na safari hii nilijua haangalii kama nimekonda.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Alivua viatu akawa anatafuta pa kuviweka. Nikaenda chini ya cherehani, nikatoa lile boksi. Ndani kulikuwa na ndala za nyumbani, za manyoya, namba tano, na karatasi ya bei bado imening'inia, risiti imebanwa juu yake. Mimi navaa namba saba. Aliikata ile karatasi kwa mkasi wangu wa kushonea, akaisoma tarehe ya risiti, na akaelewa nilizinunua siku gani. Alizivaa, akaenda kuchemsha maji.

Sijamsamehe yote, na yeye anajua. Lakini jioni alipoondoka alizivua akaziacha pale mlangoni, zimeelekea ndani, na mimi sikuzisogeza.